Hesabu ya Mtu wa Mwisho

Iko desturi moja katika hukumu za wanadamu ambayo nimeitazama kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoitazama ndivyo inavyozidi kunitia mashaka. Ni desturi ya kumtoza mtu wa mwisho deni la wote waliomtangulia. Nyumba ikianguka, hatumwulizi aliyechimba msingi mfupi, wala yule aliyeuona ufa akapaka chokaa juu yake. Tunamwuliza aliyekutwa ndani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mtoto wa shule anaijua methali hii. Lakini haituambii ni nani hasa aliyepaswa kuziba, ikiwa ufa ulianza zama za babu, ukapanuka zama za baba, na ukuta ukaja kulala chini zama za mjukuu. Mjukuu ndiye anayejenga upya, na aghalabu ndiye anayelaumiwa.

Swali ninalotaka tulizungumze, msomaji, ni hili: je, anayeangukiwa na jambo ndiye mwenye hatia ya kuanguka kwake? Na kama siye, basi yeye anadaiwa nini?

Historia imejaa watu wa namna hii. Hapa karibu na kwetu, Jamshid bin Abdulla alikalia kiti cha usultani wa Zanzibar mwezi Julai 1963, na tarehe 12 Januari 1964 akapinduliwa. Nusu mwaka tu. Mambo yaliyoleta mapinduzi yale, mashamba ya karafuu, utumwa wa zamani, na uchaguzi uliowaacha wengi na kinyongo, kwa sehemu kubwa yalikuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Lakini alipofariki Oman mwishoni mwa Desemba 2024, baada ya zaidi ya nusu karne ya kuishi Uingereza na miaka michache ya mwisho Maskati, waliomtaja kwa hasira na waliomtaja kwa huruma walikuwa wanasoma karatasi moja ya hesabu: walimsomea deni la ukoo mzima.

Mbali zaidi yuko al-Musta'sim, khalifa wa mwisho wa Bani Abbas mjini Baghdad. Mji ule ulijengwa na khalifa al-Mansur mwaka 762, na kwa vizazi vingi ulikuwa moyo wa elimu na biashara ya ulimwengu wa Kiislamu. Mwaka 1258 Hulagu, mjukuu wa Genghis Khan, akauzingira. Mazingira yalianza mwishoni mwa Januari, na tarehe 10 Februari mji ukasalimu amri. Siku kumi baadaye khalifa aliuawa. Simulizi inayojulikana zaidi yasema alifungwa ndani ya zulia, akakanyagwa na farasi, kwa kuwa Wamongolia walichelea kumwaga damu ya mfalme juu ya ardhi.

Waandishi wa zamani walimchora al-Musta'sim kuwa mtu mpole, mshika dini, lakini mpenda starehe na mwenye kusitasita. Alipoletewa barua ya vitisho alijibu kwa majivuno, na baada ya majivuno hakuandaa jeshi la kuyatetea. Hilo ni kosa lake, wala sitamfutia. Lakini hebu tuhesabu. Tangu mwaka 945 makhalifa wa Baghdad walikuwa chini ya mikono ya watu wengine, kwanza ukoo wa Buya, kisha Waseljuki. Majimbo yalikwisha kujitenga karne nyingi kabla. Ndani ya mji wenyewe Sunni na Shia walikuwa wakichomeana mitaa. Ufalme wa miaka zaidi ya 500 haufi kwa sababu mtu mmoja alishindwa kuandika barua nzuri. Hata hivyo vitabu vilimhitaji mtu, na yeye ndiye aliyekutwa ndani.

Baada ya Baghdad sasa nirudi nyumbani, maana sikuanza kuliwaza jambo hili kwa ajili ya makhalifa.

Mtu anayeshuka basi katika stendi ya Moshi leo huenda asijue kwamba yupo katika mji uliochukua jina la mji mwingine. Moshi yenyewe, ile iliyojulikana na wasafiri wa pwani, ilikuwa juu mlimani, katika vihamba vya Kidia na majirani zake, mahali tunapopaita sasa Old Moshi. Huko ndiko kulikokuwa na kiti cha Mangi Rindi, ambaye watu wa misafara walimwita Mandara. Reli kutoka Tanga ilipofika chini ya mlima mwaka 1911, stesheni ikapewa jina la Moshi, maduka yakaifuata stesheni, na jina likahama pamoja na maduka. Mji wa juu ukabaki kuitwa wa kale ungali na watu, migomba na mifereji yake.

Rindi alikuwa mtawala mwerevu kupita kiasi. Eneo lake lilikuwa dogo, na jirani yake Sina wa Kibosho alikuwa na nguvu zaidi ya vita. Kwa hiyo Rindi alitafuta nguvu nje. Alifanya urafiki na wafanyabiashara wa pwani, kisha na Wazungu. Mwaka 1885 alitia alama yake katika mkataba na Karl Jühlke, mjumbe wa kampuni ya Carl Peters. Yamkini kwa Rindi ile ilikuwa karatasi ya kupata rafiki mwenye bunduki. Kwa Wajerumani ilikuwa karatasi ya kupata nchi. Februari 1891 rafiki yule alikuja kweli. Jeshi la Wissmann liliipiga Kibosho, na askari wa Rindi walikuwa upande wa washindi. Mwaka uo huo Rindi akafariki, na mwanawe Meli, bado kijana, akakikalia kiti.

Tazama alichorithi. Alirithi mkataba asioutia mkono. Alirithi rafiki ambaye hakuhitaji tena urafiki. Alirithi chuki ya Kibosho, iliyokuwa haijapoa. Na alirithi jirani mwingine, Marealle wa Marangu, aliyejifunza somo lilelile la Rindi la kutafuta nguvu nje, akalijua vizuri zaidi ya mwana wa Rindi mwenyewe. Peters alikwisha kuhamishia kituo cha Wajerumani Marangu, na masikio ya wakubwa yakawa huko.

Juni 1892 Luteni von Bülow alipanda Moshi na jeshi kumtia Meli adabu. Bülow aliuawa katika vita vile, na jeshi lake likarudi nyuma, hata Wajerumani wakauacha mlima kwa muda. Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa Meli alikuwa mtawala aliyewashinda. Tarehe 12 Agosti 1893 von Schele alirudi na jeshi kubwa zaidi na silaha nzito, na safari hii Moshi ikaanguka. Meli aliachwa katika kiti, lakini kiti kilikuwa chini ya boma, na kazi ya mangi ikawa kutoa watu wa kujenga na kubeba, na baadaye kodi.

Tarehe 2 Machi 1900, Meli alinyongwa katika mti pale Tsudunyi, Old Moshi, mbele ya watu wake. Walionyongwa siku ile walikuwa 19, miongoni mwao Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Walishtakiwa kwa kupanga njama ya kuwashambulia Wajerumani. Wazee husimulia kwamba Meli alikaa kambani saa nyingi kabla ya kukata roho, na kwamba baadaye kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani.

Nani alaumiwe kwa anguko hili? Hapa Moshi jibu la kwanza utakalolisikia ni jina moja: Marealle. Yasemwa kwamba njama yenyewe aliitunga yeye, akawapelekea wakubwa wa boma habari za uongo ili awaondoe wapinzani wake kwa mara moja. Kule Baghdad nako jibu la kwanza lilikuwa jina moja: waziri Ibn al-Alqami, anayesemwa aliwafungulia Wamongolia njia kwa siri. Wanahistoria wangali wanabishana juu yake hadi leo.

Sisemi kwamba usaliti haukuwapo. Ninachosema ni kwamba mji ulioanguka una haja kubwa ya msaliti, na haja hiyo yapasa ituonye. Kama si Marealle, je, von Schele angerudi pwani na silaha zake? Kama si waziri, je, majeshi ya Hulagu, yaliyokwisha kuibomoa ngome ya Alamut mwaka 1256, yangeshindwa na kuta za Baghdad? Habari ya msaliti ni tamu kwa sababu inatuachia imani kwamba tulikuwa wazima mpaka yeye alipotuuza. Ukweli ni mchungu zaidi: watawala wa mlima huu walikuwa wameuzana wao kwa wao kwa miaka mingi, kila mmoja akitafuta bunduki ya mgeni kumpigia jirani. Rindi alifanya hivyo, na tukamwita mwerevu. Marealle akafanya hivyohivyo, na tukamwita msaliti. Sioni tofauti kubwa katika tendo. Tofauti ninayoiona ni kwamba mmoja alikufa kabla ya malipo kuiva.

Na historia ina kicheko chake. Mwaka 1951 Wachagga walipomchagua Mangi Mkuu wao, Thomas Marealle, mjukuu wa yule Marealle wa Marangu, mpiga debe wake mkubwa alikuwa Petro Njau, mtu wa Old Moshi. Baadaye, mwaka 1960, cheo hicho nacho kikaondolewa kwa kura, na mwaka 1963 utawala wa wamangi ukafutwa kwa sheria nchini kote. Mangi Mkuu wa kwanza kuchaguliwa akawa ndiye wa mwisho.

Najua msomaji makini atanipinga hapa, naye ana haki. Atasema: ukienda hivi hakuna atakayewajibika. Kila mtu atasingizia baba yake, na baba atamsingizia babu, mpaka tumfikie Adamu. Tena atasema kwamba anayekubali urithi hukubali na madeni yake. Meli hakulazimishwa kukikalia kiti. Al-Musta'sim alikula matunda ya ukhalifa miaka 16 kabla ya farasi kufika. Mtu hawezi kurithi ng'ombe na kukataa kupe.

Pingamizi hili ni zito, nami silikwepi. Ndiyo, mrithi hupokea madeni. Lakini kupokea deni si sawa na kulikopa. Anayelipa deni la baba yake hatumwiti mkopaji. Twamdai alipe kadiri ya uwezo wake, asilifiche, asilizidishe. Kwa hiyo kuna hesabu mbili, na kosa letu ni kuzichanganya. Ya kwanza ni hesabu ya anguko: ni nini kilichouleta ukuta chini? Hiyo ni hesabu ya vizazi, na jina la mtu mmoja halitoshi kuijaza. Ya pili ni hesabu ya mtu: katika saa ile aliyokutwa ndani, na kwa uwezo mdogo uliobaki mikononi mwake, alifanya nini? Hiyo ni yake peke yake, wala haina babu.

Tofauti hii nilijifunza kwa mambo ya nyumbani kabla ya kuisoma mahali popote. Babu yangu alikuwa na kihamba cha ekari tatu. Kwa desturi yetu kiligawanywa kwa wanawe wanne, na baba mdogo wangu, akiwa kitinda mimba, akabaki katika nyumba ya wazee na robo tatu ya ekari, yenye makaburi na masale ya ukoo. Naye akammegea mwanawe mkubwa sehemu. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana mauzo ya kahawa yalipovunjika, bei ilianguka, na mibuni ya babu ikawa haiwezi kununua hata dawa ya kujinyunyizia. Mke wake akaugua kwa muda mrefu. Mwaka 1997 baba mdogo aliuza nusu ekari iliyobaki.

Tangu siku ile hakuwa na jina jingine katika ukoo. Alikuwa ni "yule aliyeuza kihamba". Alipofariki mwaka 2011 akiwa mpangaji huku mjini, kikao cha ukoo kilikaa kuamua azikwe wapi. Kwetu, kama ujuavyo, mtu huzikwa kihambani. Baadhi ya ndugu wakasema kwa sauti kubwa kwamba aliyeuza makaburi ya wazee azikwe katika makaburi ya mji, kwa kuwa amejichagulia mwenyewe.

Mzee wetu mmoja, ambaye hakuwa msemaji sana, akawauliza: "Wanangu, nani kati yenu hakusomeshwa kwa kahawa ya shamba lile?" Hakuna aliyeinua mkono. Akauliza tena: "Nani kati yenu alirudi kupalilia?" Kikao kikanyamaza. Kisha akasema jambo ambalo wengi walikuwa hawalijui. Katika hati ya mauziano baba mdogo alimwandikisha mnunuzi kwamba makaburi na masale visiguswe, na kwa ajili ya sharti hilo alikubali bei ndogo. Mzee hakuishia hapo, maana alikuwa mtu wa haki. Akasema pia kwamba marehemu alikosa kwa kuuza bila kuita ukoo, na kwamba kosa hilo ni lake na litatajwa, lakini halitoshi kumnyima mtu udongo.

Mnunuzi naye aliombwa, akakubali bila kudai kitu. Baba mdogo alizikwa karibu na baba yake, ndani ya shamba ambalo si letu tena.

Nimeyataja haya kwa sababu yanaonyesha hesabu mbili zikisomwa kila moja kwa mahali pake. Kufa kwa kihamba kuliletwa na ugawaji wa vizazi vitatu, soko la mbali, na vijana wote sisi tuliokwenda mjini. Kuuza kimyakimya kulikuwa kwake. Na kuyalinda makaburi kulikuwa kwake vilevile. Mtu anayemlaumu kwa yote humwonea, na anayemsamehe yote humdharau, kana kwamba hakuwa na akili ya kuchagua lolote.

Kwa kipimo hichohicho nawarudia watawala. Al-Musta'sim hakuiangusha Baghdad, lakini alipopewa saa ya mwisho hakupigana vizuri wala hakusalimu vizuri. Alingoja tu, na raia wake wakalipa kwa kungoja kwake. Hilo ni lake. Meli hakuiangusha Moshi. Alipigana mara moja akashinda, mara ya pili akashindwa, kisha akaishi karibu miaka saba akijaribu kuwakinga watu wake huku akiwa mtumwa wa boma. Kama aliinama mahali ambapo angesimama, au alisimama mahali ambapo kuinama kungeokoa roho za watu, hayo yapimwe kwa saa yake na kwa nguvu alizokuwa nazo, yasipimwe kwa ubao ulioandikwa mwaka 1885.

Limebaki jambo moja ambalo haliko katika hesabu ya Meli hata kidogo, bali katika yetu. Zamani hapa mlimani, mzee alipokwisha kuzikwa na muda kupita, mifupa yake ilifukuliwa na kuwekwa kwa heshima mahali maalumu kihambani, penye masale. Kichwa cha mtu kilikuwa na kwao. Mjukuu wa Meli alitumia miaka mingi ya uzee wake kukitafuta kichwa cha babu yake. Mwaka 2023 wakuu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeonyesha mafuvu yenye undugu na watu walio hai hapa Kilimanjaro. La Meli halikutambuliwa miongoni mwake.

Kuna wanaouliza faida ya kutafuta mfupa wa mtu aliyekufa mwaka 1900. Mimi naona faida yake ni ya walio hai. Anguko lenyewe hatuna uwezo wa kulirudisha, na wala si sisi tuliolileta. Kumpa mtu wa mwisho mahali pa kulala kungali katika uwezo wetu, pamoja na kumtaja kwa yale aliyoyatenda na si kwa yale yaliyomkuta. Kwa kipimo cha kikao cha ukoo wetu, hilo ndilo fungu letu la hesabu, na tukilikwepa hatutakuwa na babu wa kumsingizia.

Kila mmoja wetu ni wa mwisho katika kitu fulani. Mmoja ni wa mwisho kujua lugha ya bibi yake vizuri, mwingine ni wa mwisho kufungua mlango wa duka la baba yake asubuhi, mwingine ni wa mwisho kwenda kuzibua mfereji wa ukoo. Huenda vitu hivyo vitaanguka mikononi mwetu, na watakaokuja watatuuliza sisi. Sidhani kwamba tunaweza kuizuia lawama hiyo. Lakini tunaweza kukaa chini mapema, tuulize ni kipi kati ya hivyo kingali cha kuokolewa, tuwaite wenzetu wakione pamoja nasi, na kile kisichookoka tukikabidhi kwa maandishi, makaburi yasiguswe.